Mafuta ya Kisu cha Kukunja: Utie Yapi, Uache Yapi

Kisu changu cha kwanza cha kukunja nilikipata Soko la Memorial, Moshi, ndani ya mfuko wa koti la mtumba. Aliyeniuzia koti hakujua kama kimo, nami sikumwambia. Miezi michache baadaye nikapanda nacho Mlima Kilimanjaro nikiwa msaidizi wa mpishi. Tulipofika kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, mgeni mmoja akawa na lengelenge kisiginoni, akaomba nimkatie plasta. Nikaingiza ukucha kwenye mfuo wa bapa, yaani chuma chenyewe cha kukatia, nikavuta. Hakuna kitu. Nikavuta tena, ukucha ukakatika, kisu kikabaki kimefumba kama mdomo wa mtoto anayekataa uji.

Mgumu mmoja, yaani mbeba mizigo wa mlimani, akakichukua, akakitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya moto, akasubiri kidogo, akakifungua kwa kidole gumba. Alipokinusa akacheka: "Kaka, umekikaanga?" Nilikuwa nimekipaka mafuta ya alizeti.

Mafuta niliyatia, tena bila uchoyo. Ila niliyatia juu ya uchafu, nikachagua yasiyofaa, kisha nikayapeleka kwenye baridi yasiyoiweza. Tangu siku ile nimeshika visu vingi vya waongoza watalii, wapishi na wagumu, na kisu kilichokwama kwa ukavu mtupu nakiona mara chache sana. Vingi vimekwama kwa yale yaliyotiwa humo ndani.

Sikiliza kisu kwanza

Kabla hujaenda dukani, fungua na funga kisu mara tano polepole, mahali penye utulivu. Bapa lote linazunguka kwenye pini moja, na pembeni ya pini hiyo nafasi ni nyembamba mno. Kitu kidogo kikiingia hapo, kidole kinajua.

Ukisikia kusaga, kama mchanga kwenye mchicha ambao haukuoshwa vizuri, hilo ni vumbi. Kikinata mwanzoni kisha kikaachia ghafla, ni utomvu, sukari ya matunda au mafuta yaliyozeeka. Kikiwa kigumu sawasawa kuanzia mwanzo hadi mwisho, huenda skrubu ya pini imekazwa kupita kiasi, na hapo hata ukimimina chupa nzima hutapata kitu. Kikikwaruza mahali pamoja tu, tafuta kutu, au bapa lililopinda kidogo na kugusa ukuta wa mpini. Kikilia kikavu, chuma kwa chuma, bila punje wala kunata, basi hicho ndicho kinachoomba mafuta.

Huku kwetu maadui wawili wanazidi wengine. Wa kwanza ni vumbi. Udongo wa kuzunguka Meru na Kilimanjaro una asili ya volkano, na vumbi lake lina punje ngumu. Kuanzia Julai hadi Oktoba, ukisimama pembeni ya barabara ya vumbi kule Ngaramtoni au Kiboriloni, kisu kilicho mfukoni kinakula vumbi kama wewe. Vumbi hilo likichanganyika na mafuta linakuwa kama ile pasti ambayo mafundi gereji wanasagia vali. Ukifungua na kufunga kisu unakuwa unakisaga mwenyewe.

Wa pili ni utomvu wa ndizi. Unatoka kama maji, hauna rangi, unaudharau. Kesho yake umekuwa mweusi na umeshika kama gundi, na maji matupu hayauondoi. Ndiyo maana mama akitaka kumenya ndizi za mtori anapaka mafuta mikononi kwanza. Kwa kisu ni vivyo hivyo: utomvu wa ndizi au wa fenesi unaufuta kwa kitambaa chenye mafuta ya kula, unasugua mpaka ulegee, halafu unaosha mafuta yenyewe kwa sabuni. Hapo ndipo alizeti ina kazi yake kwenye kisu. Iingie, ifanye kazi, itoke.

Kukiosha

Andaa beseni la maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo, mswaki wa zamani, kitambaa cheupe cha pamba na vijiti vya meno. Kitambaa kiwe cheupe kwa sababu utakisoma: rangi inayobaki juu yake ndiyo itakuambia lini uache. Zungushia makali selotepu mbili tatu. Vidole huteleza vikiwa na sabuni, na majeraha niliyoyaona kwenye kazi hii yametokea zaidi wakati wa kuosha kuliko wakati wa kukata.

Kisu chenye mpini wa plastiki au chuma, tumbukiza chote, kisha fungua na funga kila bapa ndani ya maji mara kumi na tano au ishirini. Usiogope. Hata Victorinox, wale Waswisi wenye visu vyekundu, wanashauri hivyo hivyo: maji ya vuguvugu, fungua na funga, kausha, halafu tone la mafuta. Chokoa kwa kijiti cha meno sehemu ya ndani ambako ncha ya bapa hulala. Pale hukusanyika nyuzi za mfuko wa suruali, makombo na vumbi, vimegandana kama keki.

Mpini wa mti, pembe au mfupa usiuloweke. Utavimba au kupasuka. Chovya mswaki kwenye spiriti ya duka la dawa, usugue pale kwenye pini tu, ufute haraka.

Uchafu ukigoma, tumia mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa au pamba, nje ya nyumba, mbali na jiko. Mafuta ya taa yanayeyusha grisi na oili iliyozeeka vizuri sana, ila yanaacha harufu na utando, kwa hiyo baada yake rudi kwenye sabuni. Petroli acha kabisa. Najua fundi fulani atakuambia inasafisha haraka. Ni kweli inasafisha haraka, na inawaka haraka zaidi.

Kukausha kunataka subira kuliko kuosha. Kung'uta kisu, kifute, kiache wazi juani saa nzima au zaidi. Kama una haraka, mpelekee fundi wa pancha akipulizie upepo, lakini mwombe kwanza apulizie chini kidogo, kwa sababu tangi la kompresa hukusanya maji na pumzi ya kwanza hutoka na ukungu. Ukitia mafuta juu ya maji umefungia kutu ndani.

Kufungua skrubu ni hatua ya wachache. Kama pini imegongwa ikapanuliwa kama ribiti, usiiguse. Kama ni skrubu ya nyota, mara nyingi ni saizi T6 au T8, na mtu mwenye bisibisi ndogo za aina hiyo mjini ni fundi simu. Mimi nilipata msaada wangu kwenye kibanda cha kubadilisha vioo. Kabla ya kutoa chochote piga picha kila hatua, maana washa, vile vipete vyembamba vya kwenye pini, mbili zinazofanana kwa macho zinaweza zisifanane unene.

Mafuta yenyewe

Nianze na ninayoyatumia kila siku: mafuta ya cherehani. Ni mepesi, hayana rangi, hayanuki, na yametengenezwa kwa kazi hii hasa, yaani vyuma vidogo vinavyozunguka karibu karibu bila kuchafua kitambaa. Yanapatikana maduka ya nyuzi na vifungo, Arusha karibu na Soko Kuu na Moshi mjini. Chupa moja ndogo itakuhudumia miaka. Na kama huna haja ya chupa nzima, simama kwa fundi cherehani yeyote wa barazani, "Shikamoo mama, naomba matone mawili ya mafuta," na atakupa huku akiendelea kukanyaga. Angalia tu asikupe alizeti. Wapo mafundi wanaotia mafuta ya kula kwenye cherehani zao, na ukiona cherehani inayokanyagwa kwa kuhema, umejua sababu.

Sasa hiyo alizeti. Mafuta ya alizeti ni mepesi na yanateleza vizuri siku ya kwanza, ndiyo maana yanadanganya. Tatizo ni kwamba yanakula hewa. Molekuli zake zina sehemu ambazo oksijeni inazishika na kuziunganisha, moja kwa nyingine, mpaka utando ule unakuwa mzito, halafu wa kunata, halafu kama vanishi. Tazama shingo ya chupa ya mafuta ya kupikia iliyokaa jikoni, au chini ya kikaango cha zamani: ile gundi ya njano isiyotoka kwa maji ndiyo inayojengeka kwenye pini ya kisu chako. Mafuta ya nazi hayagandi hivyo kwa haraka, lakini yanakuwa mango chini ya nyuzi 24 hivi. Arusha mwezi Julai hazifiki hapo asubuhi, kwa hiyo kisu chako kitaamka kimeshikana kama mtungi wa samli.

Kwa anayekatia chakula kwa kisu kile kile, na wengi wetu ndivyo tulivyo, chagua parafini ya duka la dawa. Ni mafuta safi ya madini yasiyo na rangi wala ladha, watu hupewa kama dawa ya choo kigumu, na chupa imeandikwa Liquid Paraffin. Hayaozi, hayagandi kama vanishi, na tone likigusa embe halina madhara. Ni mazito kuliko ya cherehani, kwa hiyo weka kidogo sana. Hapa nasisitiza jina, kwa sababu baadhi ya watu, hasa ndugu zetu wa Kenya, wakisema parafini wanamaanisha mafuta ya taa. Usimtume mtoto dukani kwa neno moja. Mafuta ya cherehani nayo, kama kisu ni cha chakula, futa bapa likauke kabisa kabla ya kukata.

WD-40 kila mtu anayo, na kila mtu anaitumia kwa kila kitu. Ilibuniwa mwaka 1953 huko San Diego, Marekani, na jina lake linatangaza kazi yake: kufukuza maji, jaribio la 40. Kwenye kisu inafaa sana hapo hapo: kimeloa mvua, puliza, maji yatoke, kutu nyepesi ilegee. Lakini sehemu kubwa yake huruka hewani na kinachobaki ni utando mwembamba usiodumu. Itumie kusafishia, ufute, kisha utie mafuta ya kweli. Na usipulize moja kwa moja, itasambaa mpini mzima na kukaribisha vumbi. Pulizia kwenye kifuniko, uchovye kijiti.

Grisi ya gari ni nzito mno kwa kisu kidogo na inashika vumbi kama ulimbo. Oili mpya ya injini itatelezesha, ila ina viungo ambavyo hutaki kwenye nyanya. Oili chafu, ile nyeusi ya kumwagwa gereji, imejaa masizi na unga wa chuma, na sielewi kwa nini bado kuna watu wanaipendekeza. Spreyi ya dashibodi yenye silikoni inafaa plastiki na mpira, lakini chuma kikibanana na chuma utando wake haustahimili.

Kuna njia kavu pia, na kwa wanaofanya kazi vumbini ningeitilia maanani kuliko chupa yoyote. Penseli laini, 6B ukiipata, ina grafaiti nyingi na udongo kidogo. Ikwangue unga wake kwa wembe, uupake kwenye pini kwa kijiti, fungua na funga. Haivutii vumbi kwa sababu haina unyevu wa kulishika. Itakuchafua vidole, na usiitumie kwenye kisu chenye kuta za alumini kama kinalowa mara kwa mara, maana grafaiti na alumini zikikutana na maji alumini huliwa. Spreyi kavu za tefloni zinafanya kazi hiyo bila weusi, zinauzwa kwenye baadhi ya maduka ya baiskeli. Acha iliyopakwa ikauke kabisa kabla ya kufunga kisu.

Kutia: tone, si mchirizi

Nunua bomba la sindano dogo duka la dawa. Ni rahisi mno na hakuna chombo kinachotia mafuta vizuri zaidi. Kata ncha ya sindano kwa koleo iwe butu, au tumia kijiti cha meno kama sindano zinakutisha.

Fungua kisu nusu. Tazama pale bapa linapoingia kwenye mpini: utaona mistari miwili myembamba, mmoja kila upande wa bapa. Gusa tone dogo kwenye kila mstari, dogo kama kichwa cha kiberiti au chini ya hapo. Shika kisu ncha ikielekea juu mafuta yateremke kwenye pini yenyewe, subiri dakika moja, kisha fungua na funga mara ishirini. Sasa futa. Kwenye kitambaa utaona mstari mweusi, wakati mwingine una vimetameta vya chuma. Hiyo ni takataka iliyokuwa imejificha ambako mswaki haukufika. Tia tone jingine, fungua, funga, futa. Rudia mpaka kitambaa kitoke safi. Nimewahi kurudia mara saba kwa kisu kimoja cha mpishi, na mara ya saba ndipo kitambaa kilipotoka na rangi ya mafuta yenyewe.

Mwisho futa kila kitu unachokiona. Mafuta yanayoonekana kwa nje hayana kazi zaidi ya kukamata vumbi.

Kila kisu na tabia yake

Kisu cha springi ya mgongoni, kama vile vyekundu vya Waswisi, kinataka tone kwenye pini na tone jingine pale kisigino cha bapa kinapobanana na springi. Kikiwa sawa kinafunga kwa mlio mkavu, ta! Kikifunga kwa kusitasita bado kuna kitu ndani.

Chenye washa za shaba au plastiki huvumilia mafuta mazito kidogo, parafini inakifaa. Chenye beringi za gololi ndogo kinataka mafuta mepesi na machache mno, maana mazito yanazifanya gololi ziburuzwe badala ya kuviringika.

Kwa visu vyenye loki ya bati la ndani, lile linaloruka na kukinga kisigino cha bapa, kuna sharti moja nisilolifanyia mzaha: uso wa bati na uso wa bapa pale vinapokutana uwe mkavu. Ukiteleza pale, loki inaweza kuachia ukiwa unakandamiza, na bapa likafunga juu ya vidole vyako. Ukimaliza kutia mafuta, chovya pamba ya sikio kwenye spiriti, futa pale, kisha jaribu: fungua, gonga mgongo wa bapa kidogo kwenye kitabu, vidole vikiwa mbali na njia yake. Kikiachia, usikitumie.

Opinel ni kesi ya peke yake. Ni kisu cha Kifaransa cha tangu 1890, mpini wa mti, pete ya kufungia iliyoongezwa 1955, na wageni wa mlimani hupenda kuviacha kama zawadi. Wakati wa masika mti wake unavimba na kubana bapa, na hakuna mafuta yatakayotatua mti uliovimba. Zungusha pete uifungue, gonga kitako cha mpini mezani, bapa litachungulia. Kausha siku mbili tatu mahali penye hewa, mbali na moto. Kikiwa kikavu kweli, sukuma mafuta ya mgando au nta ya mshumaa kwenye ufa wa bapa, kipashe kwa hewa ya joto kidogo iyeyuke na kunywewa na mti, ufute. Na kama bapa lake ni la chuma cha kaboni, si lile lisiloshika kutu, lipake parafini ya duka la dawa kila baada ya kukata limau au nyanya. Usipofanya hivyo litakuwa na madoa kabla chai haijapoa.

Ukipanda nacho mlima

Joto hushuka kwa nyuzi 6 hivi kila mita 1,000 unazopanda. Kisu kilichokuwa laini Moshi mjini, usiku wa kuelekea kileleni kitakuwa kwenye baridi ya chini ya sifuri, na mafuta mazito yatasimama. Kwa safari ya juu mimi huosha parafini yote na kutia cherehani tone moja tu kila upande, kisha kisu hulala nami ndani ya begi la kulalia pamoja na betri za tochi.

Chupa ya mafuta nayo usiibebe nusu. Hewa uliyoifungia bondeni inatanuka juu, na kifuniko kikilegea mafuta hutafuta njia. Mimi yangu ilitafuta njia hadi kwenye soksi za kileleni. Siku hizi najaza bomba la sindano, nasukuma hewa yote itoke, nalifunika, nalitia ndani ya kidole cha glavu ya mpira na kukifunga fundo.